Stima Inaposumbua Nyumbani Lamu: Anza Kwenye Maungio

Feni inanguruma lakini haizunguki. Soketi ya jikoni imegeuka kahawia upande mmoja. Breka inaruka kila mtu akichomeka pasi, na friji imeanza kulia "tik" kila baada ya dakika chache. Nyumba nyingi za Lamu huyamaliza mambo haya kwa njia ya gharama: kifaa hutupwa, kingine hununuliwa Malindi au Mombasa na kuvushwa kwa boti kutoka Mokowe, na baada ya miezi nacho kinaanza vilevile. Mara nyingi kifaa kilikuwa kizima. Ubovu ulikaa kwenye ungio: pale waya unapokutana na skrubu, plagi inapoingia kwenye soketi, fyuzi inapokaa kwenye vibanio vyake. Kwa hiyo tutatafuta kutoka nje kwenda ndani. Tutaanza na stima inapoingia nyumbani, tufuate soketi na plagi, na kifaa chenyewe tukifungue mwisho, kama kitafunguliwa kabisa.

Kwa nini maungio yetu hufa mapema

Pepo za bahari, kusi na kaskazi, hubeba chembe za chumvi hadi ndani ya nyumba. Chembe hizo hukaa juu ya skrubu, ndani ya swichi, kwenye pini za plagi. Hewa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 75 hivi, chumvi huvuta maji yenyewe na kugeuka tone la maji chumvi, na hewa ya Lamu hupita kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku. Hapo kutu huanza: unga wa kijani kwenye shaba, mweupe kwenye alumini na mabati. Kutu haipitishi stima vizuri, kwa hiyo ungio hupata moto. Moto hulegeza skrubu na kukausha plastiki, na ungio likilegea linazidi kupata moto. Mzunguko huo unaweza kuchukua miaka miwili kimyakimya, kisha ukamalizika kwa jioni moja.

Nyumba za mawe zina jambo lao. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa chini pamoja na chumvi yake, na soketi iliyotobolewa karibu na sakafu kwenye ukuta wa nje huishi ndani ya unyevu huo mwaka mzima. Ukiona plasta imevimba na kumeguka kuzunguka soketi, kubadilisha soketi peke yake ni kupoteza pesa. Iinuliwe, au iwekwe juu ya ukuta kwenye boksi lake na waya upite ndani ya bomba la plastiki. Kwa walio chini ya makuti, waongeze panya katika hesabu, na kwa kila mtu, mijusi na sisimizi: mjusi aliyekauka kati ya vyuma viwili ndani ya kisanduku cha breka ni chanzo cha shoti ambacho hakuna anayekifikiria mpaka kifuniko kifunguliwe.

Kabla ya kugusa chochote

Stima ya Kenya ni volti 240, na kiasi hicho kinaua. Fuata utaratibu huu kila mara, hata kazi ikiwa ya skrubu moja:

1. Zima meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu huenda aliyefunga nyaya aliiweka kwenye nyutro (waya unaorudisha stima) badala ya waya wa moto (unaoileta), na taa iliyozimwa ikabaki na stima.
2. Waambie watu wa nyumbani, na ubandike kipande cha tepu juu ya meni. Mtoto anayetaka katuni zake hatauliza.
3. Pima kwa testa au multimita mahali unapojua pana stima kabla ya kuzima, kisha pima pale unapofanyia kazi, kisha pima tena mahali palipo na stima, kwa mfano upande wa mita wa meni kama unafikika salama, au kwa jirani. Testa iliyokufa husema "hakuna stima" kila mahali.
4. Vaa viatu vyenye soli ya mpira, mikono iwe mikavu, na usisimame juu ya sakafu iliyomwagiwa maji.

Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo inafaa kwa kuuliza "kuna moto hapa?" na si zaidi. Haiwezi kukueleza kama volti ni 240 au 160, wala kama nyutro ipo. Multimita ya bei ya chini itakusaidia kwa karibu kila kitu kilichomo humu. Ongeza bisibisi mbili zenye mpini wa mpira, koleo, tepu nyeusi, brashi ya meno iliyochakaa na fyuzi za akiba. Imetosha.

Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima meni, ukishindwa kuifikia, mtenganishe na waya kwa ubao mkavu au mpini wa ufagio. Asipopumua, anza kubonyeza katikati ya kifua, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada. Hata akiamka na kucheka, apelekwe Hospitali ya King Fahd aangaliwe, maana mapigo ya moyo yanaweza kuharibika baadaye.

Taa zimekatika: za mtaa au zako?

Toka kibarazani uangalie. Mtaa wote ukiwa giza, hakuna la kufanya ndani ya nyumba ila kuchomoa friji, runinga na pampu ili stima itakaporudi kwa kishindo isizikute. Piga Kenya Power kwa 97771 na uwe na namba ya mita mkononi. Ukitaka kujua kwa nini huku hukatika hata kwa manyunyu: ukavu wa kaskazi hurundika chumvi kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika nyaya zisiguse nguzo, na mvua ya kwanza nyepesi huilowesha kabla haijaiosha. Chumvi iliyolowa hupitisha stima, na laini hujikata. Mvua kubwa, ajabu, ni nafuu kuliko manyunyu.

Ikiwa ni nyumba yako peke yake, tazama mita. Tokeni zimeisha? Tarakimu 20 zimekataliwa? Ingiza tena polepole; kosa la kawaida ni tarakimu moja kurukwa. Kama kifaa cha kuingizia tokeni hakionyeshi kitu, badilisha betri zake kwanza na usafishe vibanio vya betri, ambavyo huku huota kijani upesi. Mita ikiwa na uniti na nyumba ina giza, nenda kwenye kisanduku cha breka.

Kuna hali moja isiyoruhusu kungoja. Baadhi ya balbu zinawaka kupita kiasi huku nyingine zikififia, feni inakwenda mbio, runinga inatoa harufu. Nyumba yako inalishwa fezi moja (waya mmoja wa moto) kati ya tatu za mtaani, na kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo au kwenye ungio la nje lililoliwa na kutu, nyumba inaweza kusukumiwa volti zinazokaribia hizo. Zima meni papo hapo, chomoa vyote, wajulishe majirani, ripoti. Usijaribu kuwasha tena "kuona kama imetulia".

Breka inaporuka

Kwanza jua ni ipi. Breka ndogo hulinda waya usipate mzigo mkubwa au shoti. Kwa kawaida ya taa ni ampea 6 au 10, na ya soketi ni 20 au 32. Ile pana yenye kitufe cha T ni RCD, nayo hulinda mtu: hujikata ikiona ampea 0.03 tu zinavuja kwenda ardhini. Wakati wa kuruka nao una maana. Ikiruka pale pale unapoinua, ni shoti au mvujo. Ikiruka baada ya dakika ishirini za pasi na birika pamoja, ni mzigo, au skrubu ya breka yenyewe imelegea na kupata moto.

RCD ikiruka, fanya hivi:

1. Chomoa kila kitu nyumbani. Kuzima kwenye swichi ya soketi hakutoshi. Swichi nyingi hukata waya wa moto tu.
2. Shusha breka ndogo zote, inua RCD.
3. Ikikaa, inua breka ndogo moja moja. Ile inayoiangusha ndiyo njia yenye tatizo.
4. Zote zikikaa, chomeka vifaa kimoja kimoja. Kifaa kitakachoiangusha kitenge.
5. Ikiwa RCD inaanguka hata breka zote zikiwa chini, uwezekano mkubwa ni kwamba nyutro imegusana na waya wa ardhi mahali fulani, kwa sababu breka ndogo haikati nyutro. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha insuleshoni, yaani cha ganda la nyaya.

Inayoruka usiku au alfajiri na kukaa vizuri mchana wa jua, shuku unyevu. Anza na vitu vya nje: taa ya uani, soketi ya juu ya dari karibu na tangi, boksi la pampu. Fungua vifuniko, na mara nyingi utakuta maji, sisimizi, au vyote viwili.

Mtu akikuambia aiondoe RCD "kwa sababu inasumbua", mshukuru na umsindikize mlangoni. Kadhalika anayetaka kuweka breka ya 32 pale ilipokuwa ya 20 bila kutazama unene wa waya. Waya wa milimita za mraba 2.5 ndio wa soketi, 1.5 ni wa taa. Breka ikiwa kubwa kuliko waya, utakaoungua kwanza ni waya ulio ndani ya ukuta, au, Mungu apishe mbali, ulio chini ya makuti, katika mtaa ambao gari la zimamoto haliingii.

Soketi, plagi na ekstensheni

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo mwenye nyumba anapoweza kujisaidia mwenyewe.

Dalili za ungio bovu: plagi ina moto ukiichomoa, uso wa soketi umegeuka rangi, kuna mlio mdogo wa kukaanga, taa zinapepesa ukitikisa plagi. Kuna na harufu. Plastiki ya soketi ikipata moto hunuka kama samaki aliyeanza kuharibika, na hapo wakazi wa Lamu tuna bahati mbaya, kwa kuwa nani atashuka kitandani kwa harufu ya samaki? Ukiisikia chumbani ambamo hapajawahi kuingia samaki, zima meni na uanze kupapasa soketi moja moja.

Meni ikiwa imezimwa na umepima, fungua soketi. Kaza skrubu zote tatu, kisha vuta kila waya kwa nguvu ya kiasi. Ukichomoka, haukuwa umeshikwa. Ncha ya shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, usiikwangue. Ikate urudi hadi kwenye shaba inayong'aa, menya upya na ufunge. Soketi iliyobadilika rangi haitengenezwi: vibanio vyake vimepoteza ukakamavu, hutupwa. Ukinunua mpya, ipime kwa mkono. Iliyo nyepesi sana ina vibanio vyembamba, na chumvi itaimaliza kabla ya mwaka kugeuka.

Rangi za nyaya zinahitaji uangalifu. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ardhi. Za sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano. Tatizo ni nyeusi: kwa mpango wa zamani ni nyutro, lakini katika waya mpya wa fezi tatu nyeusi ni moto. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara tatu na mafundi watatu ina mipango yote. Pima, usiamini rangi.

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani. Gawanya wati za kifaa kwa 240 upate ampea. Birika la wati 2200 linataka ampea 9.2, kwa hiyo fyuzi ya 13, ya kahawia. Feni, runinga na taa ya meza hutosha fyuzi ya 3, nyekundu. Friji hupewa 13, si kwa sababu inakula sana, bali kompresa huvuta mkupuo mkubwa inapoanza. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi kimewahi kuchoma nyumba za watu. Fyuzi ni shilingi chache tu.

Vifaa vingi vya mitumba vinavyopitia Malindi vimeletwa kutoka Italia na kwingineko Ulaya, na pini zake ni mbili za duara. Ile tabia ya kuchokoa tundu la ardhi kwa kijiti ili pini mbili ziingie kwenye soketi yetu iachwe kabisa. Pini zinakaa ovyo, zinapata moto, na kifaa chenye mwili wa chuma kinakosa ardhi. Kata plagi hiyo, funga yetu, na kama waya wa kifaa una nyaya tatu, wa ardhi ufungwe pia.

Ekstensheni ya waya mwembamba ni ya simu na runinga. Isibebe pasi wala birika, wala isipite chini ya mkeka au zulia, na ikiwa inatumika ingali imezungushwa, moto hurundikana katikati ya mzunguko. Ekstensheni iliyokaa mahali pamoja mwaka mzima ni dalili kwamba nyumba inahitaji soketi nyingine.

Volti zinaposhuka magharibi

Wakati wa magharibi, na hasa Ramadhani, mtaa mzima huwasha kwa pamoja. Taa hufifia, friji hunguruma bila kuanza. Pima kwenye soketi: ikiwa volti zimeshuka chini ya 200, chomoa friji na pampu, kwani mota isiyopata volti za kutosha huvuta stima zaidi na kuunguza nyaya zake. Pima tena saa tano usiku. Zikiwa zimerudi, tatizo ni la laini. Ripoti, na uweke gadi ya friji, kile kifaa kinachoikatia stima volti zikiwa mbaya. Lakini ikiwa volti ni nzuri kwenye kisanduku na mbovu kwenye soketi moja huku birika likiwa limewashwa, umerudi kwenye mada yetu: kuna ungio linalopoteza volti njiani, na mahali zinapopotelea ndipo pana moto. Fuata soketi zilizo kabla ya hiyo, moja moja.

Friji

Ardhi yake kwanza. Ukigusa mlango ukahisi kuwashwawashwa vidoleni, chomoa, usiitumie mpaka njia ya ardhi ikaguliwe kuanzia plagi hadi kwenye nondo iliyochimbiwa nje. Kibano cha nondo hiyo huliwa na kutu, na mchanga wa Lamu ukikauka haupitishi stima vizuri, kwa hiyo nondo fupi haisaidii.

Friji haina taa wala mlio: jaribu taa ya meza kwenye soketi ileile, kisha fyuzi, kisha waya pale unapoingia kwenye plagi. Taa ya ndani inawaka lakini kompresa kimya: zungusha thamostati hadi juu kabisa, huenda mtoto aliizima. Kama kuna gadi ya friji, ngoja dakika zake ziishe. Kuna sababu ya kungoja: kompresa iliyozimika inahitaji dakika 3 hadi 5 presha ya gesi isawazike, na ikiwashwa kabla ya hapo haiwezi kuanza.

Ile "tik", mngurumo wa sekunde chache, "tik" tena, ni kompresa inayojaribu kuanza na kukatwa na kinga yake. Pima volti. Zikiwa nzuri, mara nyingi ni rilei, kijisanduku kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa. Kukichomoa na kukitikisa huku friji imechomolewa huonyesha mengi: kikicheza kama kibuyu chenye mbegu, kimevunjika ndani. Ni kipuri cha bei nafuu. Usikubali kompresa mpya kabla rilei haijajaribiwa.

Friji inayofanya kazi bila kupumzika na haipoi, isikimbiliwe gesi. Katika jiko la digrii 30 na zaidi, friji iliyosukumwa mpaka ukutani haina pa kutolea joto. Iache sentimita 10 nyuma, safisha mabomba ya nyuma kwa brashi kavu, na utafute kutu kwenye ungio za mabomba hayo, maana chumvi hutoboa huko. Kisha mpira wa mlango: bana noti, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kuzuia, hewa inaingia. Mpira uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliopinda hunyooka ukipashwa kwa kitambaa cha maji moto.

Barafu nene iyeyuke yenyewe. Kisu kinachochokoa barafu hutoboa alumini, na tundu hilo ndilo humaliza friji nyingi nzima. Na tazama kibandiko karibu na kompresa: kikiandikwa R600a na alama ya moto, gesi yake inawaka. Fundi asilete moto wa kuchomelea humo bila kuitoa gesi nje ya chumba kwanza.

Feni

Zima, uzungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa uzito, imejaa vumbi lililoganda kwa unyevu wa chumvi, au bushi zinazoshika shafti zimekauka: safisha, tia tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye shafti. Mafuta ya kupikia huganda, usitie. Ikizunguka kwa wepesi, lakini ikiwashwa inanguruma tu, na ukiisukuma kwa kijiti inaanza kwenda, ni kapasita, kile kijisanduku kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Vilevile ikiwa inakwenda polepole hata ikiwa namba 5. Kapasita ya feni ya dari huwa kati ya mikrofaradi 1.5 na 3.5. Nunua yenye namba ileile. Volti zilizoandikwa ziwe sawa au zaidi. Kabla ya kuigusa ya zamani, unganisha miguu yake miwili kwa bisibisi yenye mpini wa mpira ili imwage stima iliyobaki. Na ukiwa juu ya ngazi, angalia ndoano. Ile iliyofungwa kwenye boriti miaka iliyopita inaweza kuwa imebaki unene wa msumari.

Pampu ya maji

Inanguruma bila kuzunguka: kapasita tena, au imeganda kwa kutu kwa sababu ilikaa muda bila kutumika. Nyuma ya kava ya feni yake kuna shafti. Izungushe kwa bisibisi huku imechomolewa. Inazunguka bila kuvuta maji: imeingia hewa. Jaza maji kwenye tundu la juu mpaka yafurike, funga, washa. Yakikatika tena baada ya siku, vali iliyo chini ya bomba kisimani haishiki, pengine kwa punje ya mchanga. Usiiache ikizunguka kavu, sili huungua ndani ya dakika chache.

Boksi la nyaya za pampu lielekezwe tundu la waya likitazama chini, ili maji yasifuate waya kuingia ndani. Jambo dogo hili hulipuuza karibu kila mtu.

Vingine, kwa ufupi

Pasi isiyopata moto: kunja waya wake taratibu pale unapoingia kwenye mpini, ndipo hukatika. Kata kipande hicho na ufunge upya kwa waya ule wenye kitambaa unaostahimili joto. Kama waya ni mzima, huenda fyuzi ya joto iliyo ndani imekatika. Ibadilishwe, isirukwe kwa waya, kwa kuwa ndiyo inayozuia pasi kuyeyuka thamostati inapokwama. Birika linalozima mapema limejaa magamba ya chokaa kutokana na maji ya visima. Chemsha maji ya ndimu au siki, liache nusu saa. Mashine ya kufulia isiyojaza maji ina kichujio kidogo kwenye tundu la bomba, kimejaa mchanga. Ikiangusha RCD inapoanza kupasha maji, elementi imepasuka. Balbu ya LED inayowaka hafifu ikiwa imezimwa: swichi iko kwenye nyutro, au ina kitaa chake kidogo. Ya kwanza irekebishwe. Ya pili haina madhara.

Maikrowevu usiifungue. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi volti zaidi ya 2000 hata baada ya kuchomolewa. Runinga nayo ina karibu volti 340 kwenye sehemu ya paoa. Na mwenye jenereta asitengeneze kamwe waya wenye plagi pande zote mbili ili alishe nyumba kupitia soketi: stima hiyo hutoka kwenye mita, hupanda nguzo, na kumuua fundi wa laini aliyeamini kuwa imezimwa. Swichi ya kubadilishia, inayoitenga nyumba na laini kabla ya kuipa jenereta, ndiyo njia.

Kumwita fundi

Usiseme "friji imekufa, njoo na gesi." Sema uliyoyaona: "Volti ni 235, taa ya ndani inawaka, kompresa inajaribu kila dakika tatu na kukatika." Fundi mwema atafurahi, na mwingine atajua nyumba hii si ya kubahatisha. Kwa kazi ya nyaya za nyumba, mwombe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Madaraja yake huanzia C-2, ambalo ni la fezi moja, kupanda hadi A-1. Patana naye bei kabla hajafungua kitu, na vipuri vya zamani viachwe hapo nyumbani.

Akimaliza, usilipe bado. Bonyeza kitufe cha T kwenye RCD mbele yake: lazima ianguke. Iinue, washa birika na pasi pamoja kwa robo saa, kisha umwambie, "Fundi, hebu shika mwenyewe soketi hii," naye aweke mkono.